Ninahazwe Huonja Kwanza

Katika miaka kumi aliyoishi Durban, Ninahazwe hajanywa kitu ambacho hakukiona kikifunguliwa. Si harusini, si msibani, si hata kanisani siku ya chai ya akina mama. Mpe soda iliyokwisha kufunguliwa, atakushukuru kwa adabu zote, ataishika mkononi, atapiga nayo soga saa nzima, kisha utaikuta nyuma ya chungu cha maua, imejaa vilevile. Wanawake wa Albert Park, mtaa anaoishi, wamemzoea. Waliotoka Burundi na Kongo hawacheki, maana nao wana yao. Anayecheka ni Pandu, fundi simu wa Zanzibar mwenye kibanda chini ya jengo lao, ambaye amempa jina la Mama Mkaguzi.

Kwao Bujumbura, anayekaribisha huonja kwanza. Unamimina, unapiga funda moja mbele ya macho ya mgeni, ndipo unampa. Hakuna anayeeleza sababu, kwa kuwa kila mtu anaijua. Ni kusema: humu hamna kitu, na mimi sina kitu nawe. Mama yake alimwonjea hata padri. Padri naye alisubiri mpaka aonjewe, tena bila haya.

Basi mwanamke wa namna hiyo alipata wapi kazi ya kutunza wazee? Alipata kwa bibi mmoja wa Kiingereza aliyemshinda kwa kushuku, na nadhani ndiyo sababu walidumu.

Bibi huyo anaitwa Hester Tarrant-Vale. Ana miaka tisini na mmoja, na anaishi Point, ghorofa ya nne ya jengo kuukuu linalotazama winchi za bandari. Baba yake alikuwa mkubwa huko Uingereza, mtu wa kuitwa Lord, mwenye kasri na farasi na msitu wake mwenyewe. Hester ni mkomunisti. Si mkomunisti wa midomo. Alifungwa kwa ajili hiyo. Hataki kuitwa Lady, hataki kuitwa Madam. Siku ya kwanza Ninahazwe alipomwita Madam alifokewa kana kwamba ameiba. Wakapatana kwenye Gogo, kama Wazulu wanavyomwita bibi yao. Ila mpinga mabwana huyohuyo ana kengele ya fedha kando ya kitanda, na akitaka chai huitikisa. Ninahazwe hajawahi kumuuliza mapinduzi na kengele vinakaaje chumba kimoja.

Kwa Gogo, mlinzi wa getini ni mpelelezi. Daktari ni mpelelezi. Simu inasikilizwa, na akitaka kusema jambo zito humwambia Ninahazwe afungue bomba la jikoni ili maji yafunike maneno. Kila asubuhi swali ni moja: "Jana ulipotoka hapa, ulizungumza na nani?" Mtu mwingine angeacha kazi wiki ya kwanza. Ninahazwe alijibu kwa utulivu, akataja watu wote, na moyoni akajisikia yuko nyumbani.

Mwezi wa nane mwaka huu, mambo mawili yalimjia siku moja.

La kwanza lilikuja na Ghislaine. Ghislaine ni mtu wa Bukavu, wanasali pamoja, na yeye pia hutunza mwanamke mzee, kwenye nyumba ya wazee kaskazini ya mji. Walipotoka ibadani alimvuta Ninahazwe pembeni, karibu na ukuta.

"Dada Nina, Madame wangu anaomba kitu moja. Anataka kuona dada yake mbele ya kufa."

"Dada yake ni nani?"

"Si ule mama yako wa Point! Ni ba soeurs, baba moja, mama moja. Miaka makumi sita habasemezane."

Ninahazwe alimwangalia usoni. Akatafuta kwanza mtego uko wapi. "Miaka yote hii tunasali pamoja, na leo ndiyo unaniambia?"

"Mi pia nilijua juzi tu! Aliona photo yetu ya chorale ya kanisa, akauliza huyu dada anatumika kwa nani. Nikamuambia. Eish, akaanza kulia."

"Walikosana nini?"

"Politique."

"Hata wazungu?"

"Hata bazungu, dada! Tena ba famille ya château, nyumba ya bakubwa!"

La pili lilikuja kwenye simu, alipokuwa akisubiri robot, taa ya barabarani, igeuke kijani avuke. Namba haikuwa na jina. Ujumbe ulisema: "Dada, ni mimi Léonidas. Niko Durban tangu wiki tatu, nalala Sydenham kwa rafiki yangu Deusdedit. Nakuomba Jumapili ijayo nije kukusalimu. Ukikataa nitaheshimu, sitakusumbua tena maisha yangu yote."

Robot ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena. Ninahazwe bado yuko ukingoni.

Léonidas ni mdogo wake, ndiye ndugu wa damu pekee aliyembakia. Mwaka wa maandamano, huko Bujumbura, mume wake Gaël alikuwa upande wa waandamanaji, na Léonidas alikuwa na vijana wa upande wa pili, wa chama tawala. Walikula meza moja hata hivyo. Mambo yalipochacha, Gaël alihama akajificha kwa shangazi yao akina Ninahazwe, katika chumba cha uani, na waliojua ni watu watatu: shangazi, Ninahazwe, na Léonidas aliyebeba godoro. Asubuhi moja gari lilikuja moja kwa moja mpaka uani. Halikuuliza njia. Gaël hakuonekana tena, na hakuna kaburi. Ninahazwe alipanda basi, kisha lori, kisha basi, Tanzania, Malawi, Msumbiji, mpaka nchi ilipoishia baharini. Tangu siku hiyo hakumpigia mdogo wake, wala hakujibu. Hakuwa na ushahidi. Alikuwa na hesabu ya watu watatu, na kila alipoihesabu ilimwangukia mmoja.

Sasa alikuwa na wiki moja. Akikataa, hatajua kamwe. Akikubali, huenda akajua, na hilo ndilo aliloliogopa.

Kesho yake alimfikishia Gogo salamu za yule Madame wa Ghislaine. Alizisema polepole, amesimama karibu na mlango.

"Nani amekutuma?" Gogo aliuliza.

"Hakuna aliyenituma, Gogo. Mtu anayemtunza mdogo wako ni rafiki yangu wa kanisani."

"Kumbe! Umekuwa ukiwapelekea habari zangu kwa miaka mingapi?"

"Sikujua mpaka jana."

"Hivyo ndivyo wanavyosema wote." Bibi alitikisa kengele ingawa Ninahazwe alikuwa hatua mbili mbele yake. "Fungua bomba!"

Ninahazwe akafungua bomba. Na maji yakitiririka hivyo, Gogo akamweleza.

Baba yao alikuwa fashisti. Si wa kunong'ona. Alivaa sare nyeusi mezani, wakati wa chakula cha jioni, na watumishi walipaswa kumpigia saluti wakiwa wamebeba supu. Vita ilipoanza serikali yake mwenyewe ikamtia kizuizini. Hester alikuwa na miaka sita. Shuleni alitemewa mate, na alipokua alijiuliza ni chama gani baba yake angekichukia kuliko vyote, akajiunga nacho. Venetia, mdogo wake, alilia siku baba alipokamatwa na hakuacha kulilia. Aliitunza picha ya sare. Hester alikuja Durban na mume wa chama kuwaunganisha makuli wa bandarini. Miaka miwili baadaye Venetia naye akaolewa hukuhuku, na mkulima wa miwa aliyeona serikali ya makaburu ni laini mno.

"Tuliendelea kunywa chai," Gogo alisema. "Alikuja kila Alhamisi. Hatukugusa siasa. Tulizungumzia mbwa."

Mwaka 1964 Hester alimficha mtu katika chumba cha kufulia, kijana wa chama cha wafanyakazi. Alhamisi hiyo Venetia alikuja kama kawaida. Aliingia jikoni kunawa mikono. Penye ubao wa kukaushia vyombo palikuwa na vikombe vitatu vilivyooshwa asubuhi, katika nyumba ya watu wawili. Alirudi sebuleni, akamaliza chai yake, akaaga. Kesho yake alfajiri askari walikuja, wakapita sebule, wakapita vyumba, wakaenda moja kwa moja chumba cha kufulia. Hester alikaa jela miezi saba. Kijana yule alifia mikononi mwa polisi kabla ya wiki kuisha.

"Nilisahau kikombe," Gogo alisema. "Hilo ni kosa langu. Nataka kujua kama lilikuwa na mwenzake."

Ninahazwe alikuwa ameshika ukingo wa sinki. Nyumba ilikuwa nyingine na lugha nyingine, lakini hesabu aliijua. Alitaka kusema, "Gogo, na mimi," ila mazoea yakamziba mdomo. Habari zako ukishazitoa huzirudishi.

"Umemdhania miaka yote na hukumuuliza?"

"Ningemuuliza angekana, na nisingemwamini. Afadhali shaka inile kuliko jibu la uongo." Akaisogeza kengele pembeni. "Mwambie aje Jumamosi saa kumi. Nina swali moja. Na funga hayo maji, ni ya umma!"

Jumamosi Venetia alifika, ameshikwa mkono na Ghislaine. Lifti haikufanya kazi, wakapanda ngazi ghorofa nne kwa nusu saa. Alikuwa na miaka themanini na minane, amejipaka poda, shingoni lulu, mkononi mkoba aliouficha kifuani kama mtu anayepita sokoni. Gogo alimngoja kitini. Hakusimama, na kwa goti lake hata angetaka ingekuwa kazi.

"Umekonda," alisema Venetia.

"Umenenepa," alisema Hester.

Ghislaine akamtazama Ninahazwe, Ninahazwe akatazama dari. Wakaenda jikoni wote wawili kutengeneza chai, mlango wakauacha wazi.

"Sasa nabo badada gani hawa?" Ghislaine alinong'ona. "Mi ningelia tayari."

"Subiri."

Ninahazwe alipanga vikombe viwili kwenye sinia, maziwa, sukari, na keki ambayo Venetia aliileta ndani ya bati. Alipofika sebuleni aliona jambo alilolijua tangu utotoni. Gogo aliiangalia ile keki kwa jicho la pembeni, akasema hana njaa. Venetia alikiangalia kikombe alichomiminiwa, akasema ni moto mno, atakunywa baadaye. Mikono yao ilikaa mapajani. Wazee wawili, wenye damu ya wakubwa wa Uingereza, na wote wawili wanaogopa kumeza.

Hakufikiri. Kama angefikiri asingethubutu. Alikiinua kikombe cha mgeni, akapiga funda, akakirudisha kwenye kisahani na kumpa. Akainua cha Gogo, akafanya vilevile. Akamega keki, akatia mdomoni, akatafuna mbele yao.

"Mungu wangu!" Venetia aliruka. "Hester! Mtumishi wako amekunywa kwenye kikombe changu!"

"Si mtumishi, ni mwenzangu wa kazi," alisema Hester, ingawa naye macho yalimtoka. "Nina, umefanya nini?"

Kazi imekwenda, Ninahazwe aliwaza. Miaka saba, kwa mafunda mawili ya chai. "Samahani, Gogo. Samahani, Madam. Kwetu anayetoa kinywaji huonja kwanza. Ili mgeni ajue hamna kitu ndani."

"Kitu gani?"

"Sumu, Madam."

Kisha Hester Tarrant-Vale akaanza kucheka. Alicheka kicheko kibaya, cha kukohoa, mpaka Ninahazwe akasogea kumshika mgongo.

"Unasikia, Nettie? Huyu mwanamke ndiye wa kwanza kusema ukweli ndani ya ukoo huu. Kunywa! Nimekuwa na miaka sitini na moja ya kukutilia kitu, na sikufanya hivyo."

Venetia alikitazama kikombe. Hakuna mwingine aliyebaki hai wa kumwita Nettie. Akakiinua, akanywa. Hester naye akachukua kipande cha keki.

"Vilikuwa vitatu," Hester alisema akitafuna. "Uliviona."

"Niliviona."

"Ulimwambia nani?"

Ghislaine, aliyekuwa amemfuata Ninahazwe sebuleni, alitaka kutoka. Ninahazwe alimshika mkono akamzuia. Jibu hilo alilihitaji kuliko yeyote aliyekuwa chumbani humo.

"Gerald tu," Venetia alisema. Gerald alikuwa mume wake. "Mezani. Nilimwambia, Hester ana mgeni asiyetaka nimwone. Sikusema zaidi ya hapo." Akakiweka kikombe chini. "Lakini nilijua Gerald anacheza gofu na nani. Nilijua nilipokuwa nikisema. Nimejaribu miaka yote kukumbuka kwamba sikujua, na nimeshindwa."

Hester alitazama dirishani, kwenye winchi. Hakulia. Ninahazwe ndiye aliyelia, bila sauti, na akajikasirikia kwa hilo.

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Kwa nini hukuja kuniuliza?"

Walimaliza chai. Baadaye walizungumzia mbwa fulani, aliyekufa kabla Ninahazwe hajazaliwa, na wakabishana alikuwa na rangi gani. Venetia alipokuwa akivalishwa koti, Hester alisema bila kumtazama: "Sijakusamehe, na picha ya yule mzee usinitajie. Njoo Alhamisi."

Mlango ulipofungwa, Gogo alisubiri mpaka hatua ziishe ngazini. Kisha akatikisa kengele.

"Nina. Hesabu vijiko."

Ninahazwe akahesabu. Vilikuwa sita, vyote vipo. Akiwa bado na kijiko mkononi, akatoa simu na kumwandikia namba isiyo na jina: "Njoo kesho saa nane."

Jumapili Léonidas alibisha mlangoni kwake Albert Park kabla ya saa. Ninahazwe alimchungulia kwenye tundu la mlango kwa muda mrefu. Alimwacha kijana; aliyesimama sasa pale koridoni alikuwa na mvi, na viatu vilivyopigwa rangi kwa bidii. Akafungua vitasa vyote vitatu.

"Dada."

"Karibu. Kaa."

Walikaa pande mbili za meza. Chini Pandu alikuwa akijaribu spika ya mtu, wimbo uleule ukianza na kukatika. Waliulizana safari, waliulizana afya. Ninahazwe aliingia jikoni, akamimina sharubati ya pasheni aliyoitengeneza mwenyewe asubuhi, glasi moja tu. Aliileta, akaiweka mezani, na hapo palipokuwa pa kuonja, mkono wake ukakataa. Hakuwa amepanga hivyo. Aliukunja mkono ule mapajani, akamwangalia.

Léonidas alingoja. Alikuwa mtu wa Bujumbura, alijua kinachopaswa kufuata. Aliitazama glasi, akamtazama dada yake, akaitazama glasi tena, na polepole akaelewa kwamba hataonjewa. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Ninahazwe alilisoma jasho lile, na moyo wake ukamwambia: mtu asiye na deni nami angecheka, angeniambia, dada, umesahau.

Léonidas hakucheka. Aliichukua glasi kwa mikono miwili, akainywa yote bila kupumua, mpaka chini. Akaiweka. Akangoja, kana kwamba kweli kuna kitu kitamjia.

"Hamna kitu," alisema Ninahazwe. "Sasa sema."

"Sikutoa jina, dada. Naapa kwa kaburi ya mama. Alitaja mtu mwingine, nyumba walikuwa wanaijua tayari." Alikuwa akiongea akiangalia mikono yake. "Lakini walinionyesha orodha. Niliona jina ya Gaël. Nilikuwa na siku mbili za kuja kuwaambia, nikaogopa. Nikajiambia labda hawataenda. Nilijua wataenda."

Spika ya Pandu ikaanza tena na kukatika. Miaka kumi Ninahazwe alihesabu watu watatu, na hesabu ilikuwa mbovu, na hata hivyo jibu halikumpa raha. Siku mbili. Gaël angefika Kigoma kwa siku mbili. Alimchukia mdogo wake pale mezani kwa nguvu zake zote, na alimwonea huruma kwa vile viatu, na hakujua kipi kilikuwa kikubwa.

"Ukinisukuma nje, nitaenda," alisema Léonidas.

Ninahazwe aliinuka. Aliichukua glasi tupu, akaenda nayo jikoni, akakaa huko muda ambao mdogo wake aliuhesabu. Alirudi nayo imejaa. Akasimama mbele yake, akaiinua mdomoni, akapiga funda moja akimwangalia machoni, akameza.

Kisha akampa.